Kisiwa Kilichobaki na Mtu Mmoja

Farah aliingia nyumbani kwa desturi yake: bila hodi, bila salamu, kiatu kimoja kikaanguka karibu na mlango na kingine kikaenda kujificha chini ya kiti cha babake. Pazia la mlangoni lilikuwa bado linapepea, naye ameshafika jikoni na kutia kidole kwenye beseni la achari.

"Hata salamu hakuna?" Sheikha alifoka. "Nyumba hini ni stesheni?"

"Asalam alaykum, mama. Chumvi haijatosha. Mama, sisi twatoka wapi?"

Sheikha alikuwa na pilipili mpaka kwenye vifundo vya mikono. Achari yake ya maembe inajulikana Ndia Kuu nzima, na siku ya kuichanganya hutaka aachwe na akili yake. Maswali huharibu kipimo.

"Twatoka wapi vipi? Wewe watoka skuli. Mimi sijatoka."

"Si hivyo, mama. Watu wetu. Mwalimu Loise ametwambia tuulize majumbani."

Kisha Farah akaanza kueleza, na Farah akianza kueleza hana breki. Ati binadamu wote walianzia huku Afrika, upande wa Uhabeshi na Bonde la Ufa. Wakakaa, wakakaa sana, halafu baadhi yao wakashika njia. Wakaifuata pwani mpaka pale bahari inapobanwa baina ya Jibuti na Yemen, wakavuka ng'ambo. Wakenda Bara Hindi, wakenda mpaka Australia, na wengine wakapanda Ulaya, kwenye baridi. Hayo yote miaka elfu sitini au elfu sabini iliyopita, na hakuna aliyekuwa akijua aendako.

"Basi wakapita Hadhramaut?" Sheikha aliuliza. Mumewe ni mtu wa huko kwa asili, na tangu siku ya arusi Sheikha amesimuliwa habari za Hadhramaut hadi anaijua kuliko Likoni.

"Huenda walipita."

"Wakamkuta nani?"

"Hawakumkuta mtu, mama. Hakukuwa na watu."

Sheikha akajaribu kuiona Hadhramaut isiyo na watu, akashindwa. Hadhramaut aliyopewa yeye imejaa watu tele, mababu na mashangazi na wauza asali, wote wakiwa na jambo la kusema juu ya upishi wake.

"Na hayo yalikuwa kabla ya Nabii Adamu au baada yake?"

"Mwalimu Loise asema hilo tumuulize maalim wa madrasa."

"Na maalim?"

"Asema tumuulize Mwalimu Loise."

Sheikha akarudi kwenye achari yake, akili imemvurugika. Hapo ndipo Farah alipomaliza habari yake: Alhamisi kila mwanafunzi wa gredi ya saba awe anajua watu wake walitoka wapi, maana watasimama juu ya ramani uwanjani, na wazazi waje watazame.

"Kwa hivyo sisi twatoka wapi?"

Sheikha alijifuta uso kwa mkono uleule wenye pilipili. Jicho likawaka moto, machozi yakamtoka, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaishukuru pilipili.

Maana Sheikha hakumzaa Farah. Jambo hilo alikuwa akilijua yeye, akilijua mumewe Yeslam, na ukitaka ukweli, mtaa mzima ulikuwa ukilijua, kuanzia nyumba zao mpaka kwa wauza vinyago wa nje ya Ngome ya Yesu. Asiyelijua alikuwa Farah peke yake.

Mamake wa kumzaa alikuja siku moja na mfuko mmoja na mimba kubwa, akiwa na viatu mkononi kwa sababu ukanda wa kimoja ulikatika. Alipanga chumba kidogo cha chini katika nyumba ya Sheikha. Jina lake alisema ni Mona, basi. Sheikha alipomuuliza anatoka wapi, alicheka, akasema, "Mbali, Bi. Nimechoka kutembea." Baada ya hapo Sheikha hakumuuliza tena, maana aliona si adabu kumchokonoa mtu aliyechoka. Angejua! Mona alijifungua hospitali, akarudi na mtoto, akashikwa na homa ambayo madaktari hawakuiweza, akafariki kabla ya mtoto kufika arubaini. Watu wa mtaa walimzika. Wakatangaza msikitini, wakapeleka habari kituoni na kwa chifu, wakangoja. Hakuja mtu.

Wakati huo Sheikha alikuwa akimnyonyesha mwanawe Ghassan. Akamweka Farah kwenye ziwa la pili, na hivyo akawa mtoto wake wa ziwa, dada wa Ghassan kwa sheria, asiyejifunika mbele ya Yeslam wala mbele ya kaka yake. Yeslam alikuwa mtu wa dini, akakataa jambo moja tu: hakumpa mtoto jina lake. Baba asiyejulikana, alisema, mtoto wake huitwa wa Abdalla, maana sote ni waja wa Mungu. Kwa hivyo skuli kulikuwa na Ghassan Yeslam wa gredi ya nane na Farah Abdalla wa gredi ya saba, na Farah alipouliza aliambiwa kwamba Abdalla ni babu. Hakuambiwa babu wa nani.

Mtaa nao ulimsitiri. Huku watu wanasitiriana kwa bidii ileile wanayosengenyana, wala hawaoni shida kuyafanya yote mawili kwa siku moja. Miaka yote hiyo, hakuna aliyethubutu kumtamkia mtoto yule neno.

"Twatoka Hadhramaut," Sheikha alisema, jicho limefumba. "Mji wa Shihiri. Kama babako."

"Na babu Abdalla?"

"Hebu ngoja babako aje."

Lakini Farah hakungoja. Hakuwa mtoto wa kungoja.

Jioni, walipokaa kula, aliwapa ripoti yake. Bi Shamsa wa dirisha la mkabala amemwambia watu wa babu Abdalla walitoka Pate, mafundi wa fedha. Ami Bahasan muuza vitambaa amemtazama pua akaapa kwamba pua hiyo ni ya Barawa, haina pahali pengine. Kisha amekwenda kwa Kitsao, muuza vinyago wa Ngomeni, naye Kitsao amejikuna kichwa, akatoa jasho, akasema Rabai, kwa upande wa nyanya.

"Pate, Barawa, Rabai na Shihiri?" Ghassan alicheka mpaka wali ukampalia. "Wewe ni mtu au ni basi?"

Farah hakucheka. Alikuwa akihesabu kwenye vidole na kukunja uso. "Sielewi. Wote wasema kwa uhakika."

Sheikha yeye alielewa mara moja. Watu wale walikuwa wamemwonea huruma mtoto. Kila mmoja aliulizwa ghafla, akaogopa kwamba akinyamaza ataitoa siri, akatafuta asili nzuri akampa, kama mtu anavyompa mtoto peremende. Kila mmoja alidhani ameulizwa peke yake. Na bila shaka kila mmoja alikuwa kwake wakati huo akijipongeza.

Yeslam alikuwa fundi wa saa, na mambo yake yote hayana haraka. Alingoja watoto waondoke ndipo akasema.

"Mwambie, Sheikha."

"Baada ya Alhamisi."

"Alipong'oka meno ulisema baada ya Ramadhani. Ramadhani ikapita, ukasema baada ya mtihani. Kumlea tumepata thawabu. Kumuongopea hatutapata."

"Wewe hujui kitu," Sheikha alisema. "Siku atakayojua, ataingia mlango ule kwa hodi. Kama mgeni. Atasimama nje angoje kukaribishwa, mtoto niliyemnyonyesha mimi! Hilo sitaliweza, Yeslam. Lolote jingine nitaliweza."

Yeslam akachukua saa ya mtu aliyokuja nayo nyumbani, akaifungua mgongo, akaitazama ndani bila kuigusa.

Alhamisi Sheikha alivaa buibui lake jipya akenda skuli. Uwanjani palichorwa ramani ya dunia kwa chokaa, kubwa hasa, bahari zimezungushiwa kamba ya katani. Afrika ilianzia kwenye bomba la maji, na Australia ilikuwa huko mbali, karibu na vyoo. Mwalimu Loise Kazungu alisimama katikati ya Kongo na filimbi shingoni. Alikuwa mwalimu kijana, mtu wa Kaloleni, mwili mdogo na sauti ya kuita feri, na alikuwa amefurahi kupita kiasi.

Sheikha alikaa kwenye benchi la wazazi. Kugeuka kulia, Bi Shamsa. Kugeuka kushoto, Ami Bahasan, ambaye hana mtoto wala mjukuu skuli ile. Nyuma yao, akiwa bado ameshika kinyago cha twiga alichosahau kukiacha, Kitsao.

"Nimekuja kumtazama mtoto akisimama Pate," Bi Shamsa alimnong'oneza Sheikha kwa fahari. "Nimemtengezea jambo. Usijali."

"Pate?" Bahasan alishtuka. "Barawa! Mimi nimemwambia Barawa."

Kitsao alianza kutoa jasho upya.

Walitazamana wote watatu. Kisha wakamtazama Sheikha. Kisha wakatazama ramani, kwa pamoja, kama watu waliokutana katika nyumba ya mtu mwingine mwenyewe hayuko.

Filimbi ikalia. Kwanza wanafunzi walihama. Walitoka wote kwenye Bonde la Ufa, wakapanda kuelekea kaskazini, wakafika penye mlango wa bahari na hapo wakasongamana, maana Mwalimu Loise alichora mlango mwembamba na watu walikuwa wengi. Mtoto mmoja alipoteza kiatu baharini, akakatazwa kurudi kukichukua kwa kuwa binadamu hawakurudi. Jeremy alipangiwa Australia akakataa katakata kwa sababu ya vyoo. Wengine walifika Bara Hindi wakaketi, wakidhani mchezo umekwisha. Mzazi mmoja aliuliza nani anashinda. Mwalimu Loise alimweleza kwamba hakuna anayeshinda, watu walikuwa wakitafuta chakula tu, na mzazi yule akazidi kutoelewa.

"Haya!" Mwalimu Loise alipaza sauti. "Hiyo ni safari ya kale, ya sote. Sasa kila mmoja asimame pale wazee wake wanaposema walitoka!"

Watoto wakatawanyika. Bara Arabu lilijaa ghafla, watoto wakisukumana baina ya Hadhramaut na Omani. Wawili watatu wakakimbilia Gujarati. Stacy na Kahindi, watoto wa Kigiriama, wakapanda juu pwani ya Somalia wakasimama Shungwaya, maana nyumbani waliambiwa Wamijikenda walitoka huko. Bramwel, ambaye babake ni Mluhya wa bandarini, alitembea peke yake mpaka Misri akakunja mikono. Kuna aliyesimama Uajemi, akasema Shirazi.

Mwalimu Loise aligeuka pande zote akitabasamu. Halafu tabasamu likapungua. Alikuwa ametarajia kitu, na sicho alichokiona. Pwani yote hii, kutoka Vanga mpaka Lamu, aliiona tupu. Watoto waliozaliwa hatua chache kutoka uwanja ule, ambao hawajapata kulala nje ya Mombasa, kila mmoja alikuwa ametoka kwingine. Hakuna aliyekuwa mtu wa hapa.

"Mbona hapa hakuna mtu?" aliuliza, akiwauliza watoto na wazazi na yeye mwenyewe.

"Mwalimu, wewe wako walitoka wapi?" Stacy alimuuliza.

"Shungwaya," Mwalimu Loise alijibu pasi na kufikiri. Akasimama na neno lake, kama mtu aliyejikwaa kwenye sakafu tambarare.

"Lakini mtu yuko, Mwalimu," Jeremy alisema. "Farah yuko."

Farah alikuwa kwenye kisiwa. Mwalimu Loise alikichora kisiwa cha Mombasa kikubwa kuliko haki yake ili kionekane, na bado hakikumtosha mtu zaidi ya mmoja. Farah alisimama juu yake ameshikanisha miguu, mikono ameibana mbavuni, asivuke chokaa.

"Farah, mbona hujaondoka?"

"Sijui niende wapi, Mwalimu." Hakusema kwa sauti kubwa, lakini uwanja ulikuwa umetulia. "Nimeambiwa Shihiri. Na Pate, na Barawa, na Rabai. Nikenda alikosema mmoja, waliobaki watakuwa wameniongopea. Basi nimebaki."

Bi Shamsa akajifunika mdomo kwa ukaya wa buibui. Bahasan akatazama viatu vyake. Kitsao alimtazama yule twiga wa mti kana kwamba ndiye aliyesema. Na Sheikha alitaka kuinuka, wallahi alitaka, lakini hakujua aende akasimame wapi.

Mwalimu Loise hakuwa mtu wa mtaa ule na hakujua lolote. Aliona mtoto amemwokolea somo lake, akapiga makofi. "Vizuri sana! Basi Farah ndiye mwenyeji wetu sote! Wengine wote ni wageni wake!"

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Farah hakucheka. Aliwapita kwa macho wale watatu mmoja mmoja, kisha akamtazama mamake, na macho yake yalikaa hapo. Sheikha aliyajua macho yale. Hayakuwa macho ya mtoto anayejua jambo. Yalikuwa ya mtoto ambaye ameanza kufahamu kwamba lipo jambo.

Walirudi kwa miguu, wakifuata Ndia Kuu. Tuktuk ilipiga honi nyuma yao wakabana ukutani, ikapita, na wao hawakubanduka. Walikuwa wamefika pale njia inapopinda, Ngome iko nyuma yao na nyumba bado haionekani. Sheikha aliona kwamba wakifika nyumbani atasema baada ya chakula, na baada ya chakula atasema baada ya sala.

"Farah. Mimi sikukuzaa."

Alisema hivyo tu, na maneno yote mazuri aliyoyapanga kwa miaka yakamkimbia. Akayasema yaliyobaki kwa fujo, ya mwisho kabla ya mwanzo: homa, maziko, ziwa, Abdalla, chumba cha chini, ukanda wa kiatu. Alisema watu waliomtajia Pate na Barawa na Rabai hawakumdhihaki, walimpenda wakakosa akili. Alisema yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kuongopa. Alisema, "Alikuwa mtu mzuri. Alikuwa akipenda achari yangu."

Farah alikuwa ameegemea ukuta. Uso wake haukuonyesha kilio wala hasira. Sheikha alitafuta kimojawapo, maana angejua la kufanya, akakosa.

"Basi yeye alitoka wapi?"

"Sijui, mwanangu. Hapana anayejua. Nilimuuliza mara moja. Alisema mbali, na kwamba amechoka kutembea."

"Hapana anayejua kabisa?"

"Kabisa."

Farah alifikiri. "Mwalimu asema wale watu wa kale nao hawajulikani majina. Hujulikana walipopita tu." Kisha akauliza, "Alitokea upande gani?"

"Nani?"

"Mamangu. Siku aliyokuja. Ulimuona akitokea wapi?"

Lile neno, mamangu, likapita baina yao na Sheikha akalihisi likipita. Akanyoosha mkono nyuma. "Huko. Upande wa Ngomeni. Kitsao ndiye aliyemuona mwanzo, akamwelekeza kwetu kuna chumba."

"Viatu mkononi?"

"Viatu mkononi."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Jikoni. Nilikuwa nikichanganya achari. Akapiga hodi, akapiga tena, nikachelewa kumfungulia kwa sababu ya pilipili."

Farah akainama, akavua viatu vyake vya skuli. "Nenda nyumbani, mama. Ukae pale ulipokuwa."

"Wewe wenda wapi?"

Lakini alikuwa ameshageuka, anarudi Ngomeni, soksi zake nyeupe zikikanyaga vumbi la Ndia Kuu.

Sheikha alikwenda nyumbani kwa sababu aliambiwa aende. Hakuelewa alichotakiwa. Aliingia jikoni, akasimama. Ulipokuwa, amesema mtoto. Akavua buibui, akalivuta beseni, akaitia mikono yote miwili ndani ya achari iliyokuwa tayari na isiyohitaji kuchanganywa tena, akaanza kuichanganya.

Alijaribu kumfuata kwa mawazo. Sasa yuko Ngomeni, kwa Kitsao. Sasa anapita kwa Bahasan. Mtaa ule hauna siku usiyopiga kelele, lakini alisikia kelele zikipungua kutoka mbali, duka kwa duka, kama watu wanavyonyamaza jeneza likipita. Dirisha la Bi Shamsa lililia bawaba. Bi Shamsa hakusema neno, na hilo pekee lilitosha kumtisha.

Na mimi nitajibu nini? Sheikha alijiuliza. Mona alipiga hodi, na hodi huitikiwa karibu. Lakini karibu huambiwa wageni. Sijapata kumwambia Farah karibu hata siku moja. Akipiga hodi nami nikaitika karibu, ndiyo nimekubali kwamba ni mgeni. Nisipoitika, nimemfungia mlango mtoto wa watu, na mamake nilimchelewesha vilevile. Pilipili ilimwingia kwenye mkwaruzo wa kidole na hakuihisi. Alijaribu kimoyomoyo neno moja, akajaribu jingine. Yote yalikuwa na kasoro.

Nyayo zikasikika barazani. Zikapanda kidato, zikasimama.

Mlango ulikuwa wazi. Baina yao lilikuwa pazia tu, nalo lilitulia tuli. Sheikha aliiona miguu chini yake, soksi zimekuwa rangi ya njia. Alimsikia akipumua kama mtu aliyetoka mbali. Muda ukapita. Huko nje mtaa wote ulikuwa umenyamaza ukisikiliza, na ndani Sheikha alikuwa ameshafungua mdomo, bila kujua ni neno gani litakalotoka.

Kiatu kimoja kikaanguka karibu na mlango. Kingine kikateleza sakafuni, kikaenda kugonga kiti cha Yeslam.

Sheikha alilazimika kushika ukingo wa beseni. Kisha akakusanya sauti yote aliyokuwa nayo, akafoka:

"Hata salamu hakuna?"